Andalio la Somo Lisiandikwe kwa Ajili ya Faili: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo vya Ualimu, Wakufunzi na Waandaaji wa Mitaala

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mwanafunzi wa hisabati, nimetoka kwenye mafunzo kwa vitendo, na yapo mambo ambayo ningependa yasikike kabla kundi linalofuata halijapelekwa shuleni. Nimechagua barua ya wazi kwa kuwa jambo lenyewe limesambaa: mkufunzi peke yake hawezi kulitatua, mkuu wa chuo peke yake hawezi, na anayeandika mtaala naye ana sehemu yake. Linahusu namna tunavyofunzwa kupanga somo kutokana na umahiri uliowekwa kwenye mtaala, yaani kile ambacho mwanafunzi anatakiwa aweze kukifanya.

Kwa sasa mwanachuo hupanga hivi. Anafungua muhtasari wa somo, kile kitabu cha mada zinazotakiwa kufundishwa, anatafuta mada aliyopewa na mwalimu mlezi, yaani mwalimu wa shule anayemwongoza, kisha ananakili umahiri mkuu na umahiri mahususi neno kwa neno mpaka kwenye fomu. Anaenda kwenye orodha ya vitenzi tuliyopewa chuoni, anachagua kimoja, anaandika lengo la kipindi. Baada ya hapo ni kugawa dakika: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, hitimisho. Safu ya kazi za mwalimu inajaa, ya kazi za wanafunzi inajaa, ya tathmini inajaa. Ukizipitia safu hizo kwa makini, mara nyingi utakuta umahiri ulioandikwa juu haukuamua chochote kilichoandikwa chini yake. Ungeweza kuufuta, ukaweka mwingine wa mada hiyo hiyo, na kipindi kikaenda vile vile.

Nimeona pia maandalio ambayo sehemu ya maoni ya mwalimu, ile inayopaswa kujazwa baada ya kufundisha, ilijazwa usiku wa kuamkia kipindi: "Somo limeeleweka vizuri." Aliyeandika hakuwa mvivu. Alikuwa na maandalio mengine ya kukamilisha kabla ya asubuhi, na alijua kwamba kitakachotazamwa ni kama faili limekamilika. Alifanya kile alichofundishwa kwamba ndiyo kazi.

Naomba mniruhusu nieleze mfano mmoja kwa kirefu, maana bila mfano malalamiko haya yatasikika kama ya mtu anayekimbia kuandika.

Chukua umahiri huu: mwanafunzi aweze kulinganisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Mwanachuo akiunakili jinsi ulivyo, somo atakalolipata ni lile lile la kila mtu. Atafundisha kutafuta kigawe kidogo cha shirika, kubadili sehemu zote mbili ziwe na asili moja, kisha kulinganisha viasi (namba za juu). Atatoa maswali kumi yanayofanana na kuyasahihisha. Wengi watapata, na faili litasema umahiri umefikiwa.

Sasa iulize sentensi hiyo hiyo swali moja: mwanafunzi anayeweza kulinganisha sehemu anajua nini hasa? Anajua kwamba sehemu mbili hulinganishwa zikiwa za kizima chenye ukubwa mmoja, kwa sababu nusu ya kitu kidogo inaweza kuzidiwa na robo ya kitu kikubwa. Anajua kwamba asili ikiongezeka kila kipande hupungua, kwa hiyo 1/8 ni ndogo kuliko 1/5 ingawa 8 ni kubwa kuliko 5. Mtoto aliyezoea namba nzima miaka yote huingia darasani akiamini kinyume chake, na imani hiyo haiondoki kwa kuambiwa mara moja. Anaweza kutumia nusu kuwa kipimo chake: 4/9 haijafika nusu, 5/8 imeivuka, basi 5/8 ni kubwa na hakuna haja ya kukokotoa. Anaweza kutazama kilichobaki ili kufikia kizima: 5/6 imebakiza 1/6, na 7/8 imebakiza 1/8. Hapa wengi hunasa. Husema sehemu hizo ni sawa kwa kuwa kila moja "imebakiza kimoja", wakisahau kwamba vipande vyenyewe havilingani. Anayekumbuka ukubwa wa vipande ataona kwamba 7/8 imebakiza kidogo zaidi, kwa hiyo ndiyo kubwa. Kigawe kidogo cha shirika kinahitajika kweli pale zinapokuja jozi kama 5/7 na 7/10, ambazo jicho haliwezi kuamua: ya kwanza ni 50/70, ya pili ni 49/70.

Mwanachuo aliyefika hapo haandiki tena maswali kumi ya aina moja. Ataandika, kwa mfano: "Kati ya 3/8 na 3/5, ipi kubwa? Eleza bila kutafuta asili ya pamoja." Swali hili moja linamtofautisha anayeelewa na anayefuata hatua alizokariri. Anayejibu 3/8 kwa sababu 8 ni kubwa amefichua anachoamini. Anayejibu 3/5 na kushindwa kueleza anahitaji msaada wa aina nyingine kabisa. Aliyeeleza vizuri yuko tayari kwa 5/6 na 7/8. Kila jibu linamwambia mwalimu afanye nini kipindi kijacho, na andalio lilipaswa kuanzia hapo, kwenye swali hilo na majibu yanayotarajiwa. Utangulizi, zana na mgawanyo wa dakika vinakuja baadaye, tena vinakuwa vyepesi kuamua kwa sababu sasa kuna kitu cha kuvipimia.

Kwa mwalimu mwenye uzoefu uchambuzi huo ni wa dakika chache. Kwa mwanachuo unaweza kula jioni nzima, na jioni hiyo hatuna, kwa sababu tunaimaliza kwa kunakili.

Wazo la kuanzia mwisho hatukulisikia mitaani. Ninyi ndio mliotufundisha. Tulisoma kwamba mtaalamu wa mitaala Ralph Tyler mwaka 1949 alimtaka mpangaji ajibu maswali manne: shule inakusudia nini, mambo gani mwanafunzi ayapitie ili kusudi hilo lifikiwe, yapangweje, na tutajuaje kwamba limefikiwa. Tulisoma kwamba Grant Wiggins na Jay McTighe mwaka 1998 walilipeleka swali la mwisho mbele, kwamba ukishajua matokeo unayoyataka, amua kwanza ushahidi utakaokutosheleza, ndipo upange shughuli. Tuliyajibia mtihani hayo yote. Kisha tukakabidhiwa fomu ambayo tathmini iko safu ya mwisho kabisa, upande wa kulia, na mtu hujaza fomu kwa mpangilio alioukuta. Anapofika kwenye safu hiyo shughuli zote zimeshaamuliwa na usiku umekwenda, kwa hiyo anaandika maneno ya jumla: je, wanafunzi wamejibu maswali kwa usahihi? Naamini kabisa kwamba fomu imetufundisha zaidi ya mihadhara.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni kwamba ushahidi uhamie juu, mara tu chini ya umahiri, kabla ya utangulizi na kabla ya zana. Pawepo nafasi ya kuandika swali au kazi yenyewe, kama mwanafunzi atakavyoiona, na chini yake majibu mawili au matatu tunayotarajia, sahihi na yasiyo sahihi. Umahiri ukishindikana kugeuzwa kuwa kazi ya namna hiyo, mwanachuo atajua papo hapo kwamba hajauelewa, na atamwendea mwalimu mlezi kabla ya kipindi badala ya kushangaa baada yake.

Kuhusu vitenzi nitasema machache. Mpangilio wa ngazi sita ambao Benjamin Bloom na wenzake waliutoa mwaka 1956, na ambao Lorin Anderson na David Krathwohl waliuongoza kufanyiwa marekebisho mwaka 2001, ulikuwa chombo cha kutofautisha aina za kufikiri. Kwetu umefika kama orodha ya maneno ya kuchagua. Tunasahihishwa kwa kalamu nyekundu, "kuelewa" ikageuzwa kuwa "kueleza", na sababu ni nzuri, kwani kuelewa hakuonekani kwa macho. Lakini mwanachuo anaweza kubadilisha "kutaja" kuwa "kuchambua" na kipindi kikabaki kilekile, wanafunzi wakinakili kutoka ubaoni. Robert Mager, aliyesisitiza mwaka 1962 kwamba lengo litaje kitendo kinachoonekana, alitaka pia yatajwe mazingira ya kukifanyia na kiwango cha kutosheka. Kwetu kitendo kimebaki, hayo mawili yamedondoka. Kulinganisha 3/8 na 3/5 ukiwa na mchoro, kulinganisha bila mchoro, na kulinganisha kwa kukokotoa ni mambo matatu tofauti, ingawa kitenzi ni kimoja. Mkufunzi akituuliza "katika mazingira gani, na kwa kiwango gani?" atakuwa ametusaidia kuliko akituuliza kitenzi kimetoka ngazi ipi.

Sasa niwaelekee waandaaji wa mitaala. Umahiri mnaouandika hauna ukubwa mmoja, lakini kwenye karatasi wote unaonekana sawa, mstari kwa mstari. Kutumia kipimapembe kupima pembe ni jambo ambalo vipindi vichache vinaweza kulikamilisha. Kubaini wazo kuu la habari ni jambo lisiloisha: mwanafunzi atalifanya kwenye habari fupi mwaka huu, kwenye habari ndefu mwakani, na kwenye maandishi yenye hoja zinazopingana miaka inayofuata. Mwalimu mwenye uzoefu anaiona tofauti hiyo bila kuambiwa. Mwanachuo haioni, na azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha mada kwa muhula au mwaka, linamtaka aweke alama kwamba umahiri umekamilika ili aende mbele. Matokeo yake anaukamilisha ule usiokamilika, na hataurudia tena. Tuonyesheni ni upi wa kumaliza na ni upi wa kurudiwa mwaka mzima. Na pale inapowezekana, wekeni kando ya umahiri mfano wa kazi ya mwanafunzi iliyofikia kiwango na ya aliyekaribia tu kukifikia. Ukurasa mmoja wa kazi halisi ungetueleza "kwa usahihi" na "kwa ufasaha" ni kiasi gani, maneno ambayo kila mmoja wetu anayapima kwa mizani yake.

Halafu tupeni mtaala wa darasa la chini na wa darasa la juu, pamoja na ule wa darasa tutakalofundisha. Jambo hili ni dogo na halina gharama kubwa, lakini linakosekana. Mwanachuo aliyepewa kurasa za mada yake tu hajui wanafunzi walitakiwa kuja na nini, wala kile anachokifundisha kitabebeshwa nini baadaye. Akikuta nusu ya darasa haijui kwamba 2/4 na 1/2 ni sawa, anadhani ameshindwa kufundisha, au mbaya zaidi anadhani watoto ni wazito. Angekuwa na mtaala wa mwaka uliotangulia angejua pengo liko wapi na angelipanga kwenye andalio, akitenga muda wa kuliziba kwa wale wanaolihitaji.

Walimu walezi nawataja kwa shukrani, kwa sababu wengi wao wanabeba mzigo huu bila kupunguziwa vipindi vyao. Ila lipo jambo linalotuchanganya. Tunaagizwa kuandika kurasa nyingi, na tunamwona mwalimu mlezi akiingia darasani na mistari michache kwenye kijidaftari, akafundisha vizuri kuliko sisi. Wengi wetu huondoka na fundisho kwamba kupanga ni jambo la chuoni, kwamba ukishaajiriwa unaacha. Si kweli kwamba yeye hapangi. Watafiti waliochunguza upangaji wa walimu tangu miaka ya 1970 walikuta kwamba walimu wazoefu hawapangi kwa mstari ulionyooka kutoka lengo hadi tathmini. Sehemu kubwa ya mpango wao wanaibeba kichwani, na huanza na maudhui na shughuli wanazozijua, wakikumbuka darasa lililopita lilikwama wapi. Hazina hiyo sisi hatuna, na hatuwezi kuiona kwa kutazama ubao. Tunaiona tu mwalimu akifikiri kwa sauti mbele yetu: kwa nini ameanza na 3/8 na 3/5, kwa nini ameacha mchoro wa duara, kwa nini amemwita yule wa nyuma kwanza. Lee Shulman aliandika mwaka 1986 kuhusu maarifa haya ya kujua somo kwa namna ya kulifundisha, kujua ni mfano upi unafungua jambo na ni wapi wanafunzi hukosea. Hayapatikani kwa kumsoma Shulman. Yanapatikana kwa kukaa na mtu anayeyatumia.

Kwa hiyo naomba muda wa kupanga pamoja na mwalimu mlezi uwekwe kwenye ratiba na uhesabike kama kazi yake. Ukiachwa kuwa hisani atakayoifanya akipata nafasi, hautapatikana. Kipindi kimoja cha kukaa pamoja kila wiki, tukipanga somo moja kwa kina tangu umahiri mpaka swali la mwisho, kingetufaa kuliko maandalio yote tunayoyaandika peke yetu usiku.

Japani wana utaratibu wa walimu kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao akalifundisha huku wengine wakiwatazama wanafunzi, kisha wote wakakaa kulijadili na pengine kulirekebisha. Katika maandalio yao kuna sehemu ya kuandika majibu ambayo wanafunzi wanatarajiwa kuyatoa na jinsi mwalimu atakavyoyapokea. Sisemi tuuchukue utaratibu wao mzima. Nasema sehemu hiyo ya majibu yanayotarajiwa inaingia kwenye fomu yoyote duniani, na mwanachuo akilazimika kuijaza hawezi kukwepa kuufikiria umahiri.

Na dakika. Tunafundishwa kugawa dakika mpaka ya mwisho, na mkufunzi akija anatazama saa. Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa aligundua kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, kwa kawaida husubiri sekunde moja tu au chini yake. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliojitolea kujibu waliongezeka. Mwanachuo anayehofia kwamba dakika za maarifa mapya zinaisha hawezi kusubiri sekunde tatu. Atamwita anayenyoosha mkono haraka, atapata jibu sahihi, atasonga mbele, na swali zuri aliloliandaa jana litakuwa limepotea bure. Tunaomba andalio liruhusu nafasi isiyojazwa kitu. Tunaomba pia anayetukagua asituhesabie kosa tunapoacha hatua iliyoandikwa kwa sababu majibu ya wanafunzi yametuonyesha kwamba bado.

Hili la ukaguzi ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa mwanachuo hufuata kile kinachotolewa alama. Mkufunzi akifika huomba faili: azimio la kazi, maandalio, shajara ya somo (kumbukumbu ya yaliyofundishwa). Huhesabu, husaini, kisha hukaa nyuma ya darasa na fomu nyingine inayouliza kama sauti inasikika, kama zana zimetumika, kama mwandiko wa ubaoni unasomeka. Yote hayo yana nafasi yake, na fomu humsaidia mwalimu mchanga asipotee, hilo nalikubali. Ila ni nadra mkufunzi kuomba madaftari ya wanafunzi. Angeyaomba matano tu, akayaweka kando ya andalio, angeona kwa muda mfupi kama umahiri ulioandikwa pale juu umefika kwa mtoto. Angeweza kumuuliza mwanachuo maswali mawili ambayo hakuna fomu ya kuyajibia: ni nini kwenye madaftari haya kinakuonyesha kwamba wameelewa, na kesho utabadilisha nini kwa sababu hiyo?

Pendekezo langu ni kwamba alama za upangaji zigawanywe upya. Idadi ya maandalio kamili ipunguzwe sana, na yale machache yanayobaki yawe ya kina na yaambatanishwe na kazi za wanafunzi. Andalio lililokatwakatwa kwa kalamu baada ya kipindi, likiwa na maelezo ya kilichokwama na toleo la pili la somo hilo, lipewe alama za juu kuliko lililo safi. Kwa vipindi vingine vyote mwanachuo aruhusiwe ukurasa mmoja: umahiri kwa maneno yake mwenyewe, swali la ushahidi, majibu yanayotarajiwa, na mtiririko wa somo kwa kifupi. Tukimpa mwanachuo njia hii ataandika maneno machache kuliko sasa na kufikiri zaidi, na mkufunzi atakuwa na kitu cha kujadiliana naye.

Najua fomu zina historia yake, na zinapita kwenye vikao na mihuri, na kwamba wakufunzi wana wanachuo wengi wa kuwatembelea kuliko siku walizopewa. Kwa hiyo sitarajii yote kwa mpigo mmoja. Kama kuna jambo moja linaloweza kufanyika kabla ya kundi lijalo kwenda shuleni, basi liwe kuhamisha safu ya tathmini iende juu na kuongeza chini yake mistari michache ya majibu yanayotarajiwa. Lifanyiwe majaribio na wanachuo wa somo moja kwa muhula mmoja, kisha linganisheni madaftari ya wanafunzi wao na ya wale waliotumia fomu ya sasa. Mimi na wenzangu tuko tayari kushiriki kazi hiyo, kuandaa mifano ya umahiri uliochambuliwa kwa masomo yetu, na kuileta mezani kwenu muda wowote mtakaotuita.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mwanafunzi wa hisabati